Kisu Kisicho na Kufuli

Wako watu hapa Kisauni ambao mpaka leo wanasema Gershom Kalama alikuwa akiwatengenezea vijana silaha. Wanasema huku wakinunua mahamri yangu, wakidhani mimi kiziwi. Sasa nimechoka. Mimi ndiye mwenye nyumba aliyoipanga miaka kumi na mmoja, mimi nilikuwapo akipigwa, na kisu walichomshikia kilikuwa changu. Basi anayetaka kumsema akae kwanza anisikilize mpaka mwisho, halafu achukue mahamri yake aende zake.

Mimi Mwanarehema. Nyumba yangu ni ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani kisima cha maji ya chumvi. Gershom alikuja na mkoba mmoja na kopo kubwa la biskuti. Mke na watoto amewaacha kwao Kaloleni, kazi yake kuchomelea vyuma kwenye karakana moja huko Bamburi. Mtu mrefu, mkimya, anayekupa shikamoo hata kama mlionana saa moja iliyopita. Nikadhani lile kopo lina nguo za watoto. Siku ya tatu nikamkuta uani amelifungua, na ndani mna visu.

"We," nikamwambia, "mimi sikupangisha jeshi."

Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumwona meno.

Vilikuwa visu vya kukunja, vile vya kutia mfukoni, kila kimoja kimezungushiwa kipande cha kanga. Kimoja kilikuwa cha babu yake aliyekuwa mgema, kimenolewa miaka mingi mpaka bapa limebaki jembamba kama jani la mchaichai. Vingine vilikuwa vya mabaharia, amevitoa kwa wauza vyuma chakavu. Kimoja cha askari wa zamani kina mpaka cha kufungulia mikebe. Kilichokufa springi alikitia springi nyingine, kilichooza mpini alikivisha mpini mpya wa pembe ya ng'ombe. Na vingine alivitengeneza mwenyewe toka mwanzo. Atachukua springi ya lori, aikate, aipashe kwenye mkaa mpaka iwe nyekundu, aizamishe katika mafuta, halafu ni tupa, tupa, tupa, Jumamosi nzima, mpaka mimi kichwa kinaniuma. Fuawe yake ya kugongea vyuma ilikuwa kipande cha reli. Akimaliza huchora mgongoni mwa kisu mnazi mdogo wa mistari minne, ndiyo sahihi yake. Nilipohesabu naye mara ya mwisho vilikuwa sitini na tatu.

Hakuviuza. Ukikitaka, umletee kikuukuu chako mbadilishane. Wala hakukupa mkono kwa mkono. Kwao, alisema, kisu huwekwa chini na mwenzio akakiokota, ili kama kina ugomvi ubaki chini. Hivi ndivyo wazee wa mtaa huu walivyopata visu vyao, mmoja mmoja, na Mweri muuza madafu pale njia panda akapata chake.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lenyewe. Visu vya kukunja vya madukani siku hizi vina kufuli. Ukikifungua, bapa linakamatwa, halirudi mpaka ubonyeze. Vya Gershom havina. Bapa linashikwa na springi peke yake. Ukikata embe, ukikata kamba, linakaa. Ukichoma kwa ncha, linakunjika nyuma na kukukata vidole. Vijana walikuwa wakija kumbembeleza: fundi, nitilie kufuli. Yeye jibu lake moja.

"Kisu ni cha kukata. Anayetaka kufuli ana mtu moyoni."

Siku moja akaja kijana anaitwa Griffin na kisu chake cha dukani, anataka kifanywe kiruke chenyewe ukibonyeza. Gershom akakichukua, akakiweka juu ya reli, akakipasua kwa nyundo mara mbili. Griffin akamzaba kofi. Huyo mkimya wangu akamkamata shati na suruali akamrusha nje, akaangukia karai langu la unga. Niliwatukana wote wawili mpaka adhuhuri. Lakini usiku nikalala nimefurahi kuwa nina mwanamume mle nyumbani, maana siku zile magenge ya mapanga yalikuwa yakiingia mitaani mchana kweupe, watu wanakatwa mikono kwa ajili ya simu.

Nina mtoto mmoja, Tinga. Babake alikufa Tinga ana miaka kumi na tisa, akaachia bakora ya mpingo aliyorithi kwa babake naye. Tinga akaivunja katika ugomvi na mtu wa pikipiki. Nililia kwa ile bakora kuliko nilivyolia msibani. Gershom aliviokota vipande. Mwezi uliofuata akaja barazani, akaweka chini mbele yangu kisu kidogo, mpini wake kile kipande cha bakora, kimesuguliwa mpaka unajiona sura.

"Nikupe kikuukuu gani?" nikamwuliza.

"Umeshanipa," akasema. "Huo mti ni wako."

Kisu hicho nilikipenda, wallahi, kuliko herini zangu. Nacho wiki ya kwanza tu kikanikata. Nilikuwa naling'ang'ania fenesi, nikatia ncha kwa nguvu, tak, kikanikunjikia vidole vinne kwa mstari mmoja, kwa ndani, pale katikati ya kidole. Damu chapa kwenye fenesi. Nilimwita Gershom majina ambayo siwezi kuyasema mbele ya watoto. Yeye ananifunga kitambaa huku ananiambia polepole, "Nilikwambia, bi. Usichome nacho." Kovu ninalo mpaka leo, mistari minne. Nikamwambia basi nitilie kufuli. Hata mimi alinikatalia.

Mwaka juzi, wakati wa mvua za vuli, kisu kikapotea. Kwa Gershom sikusema. Niliona haya. Nilijiambia kimeniponyoka sokoni Kongowea. Huo ni uongo niliojidanganya mwenyewe, kwa sababu siku tatu nyuma nilikuwa nimemkuta Tinga chumbani kwangu akifungua mtoto wa meza. Akaniambia anatafuta panadoli. Mtu mzima wa miaka ishirini na sita, mwendesha pikipiki, kichwa kimuume mpaka chumbani kwangu? Moyo ulijua. Mdomo ukakataa kutumwa.

Halafu ikaja ile Jumamosi.

Kabla jua halijatoka vizuri, mimi nachoma mahamri, Tinga akaingia kwa mlango wa uani. Mkono wa kulia ameuviringisha fulana na fulana imelowa. Mnyororo wa pikipiki umemkamata, akasema. Nikamkalisha, nikamwosha kwa maji ya moto na chumvi. Vidole vitatu vilikuwa vimefunguka kwa mstari mmoja, kwa ndani, pale katikati. Kimoja unaona mfupa. Nikachana leso yangu ya zamani nikamfunga. Gershom alikuwa kisimani ananawa uso.

"Pole, Tinga," akasema. "Imefika mfupani?"

"Kidogo," Tinga akasema, hakumtazama, akaingia kulala.

Nikarudi kwenye karai langu. Nawaambia ukweli, mahamri yote ya mkupuo wa pili yaliungua.

Saa mbili unusu zikaja kelele. Kaviha amekufa. Kaviha huyu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, mtu wa kwao bara ya Kilifi, mpole, kila asubuhi akinunua kwangu mahamri manne akielekea zamu. Siku hiyo hakuja na mimi sikugundua. Walimkuta nyuma ya ukuta wa msikiti mpya unaojengwa, amechomwa ubavuni mara mbili, simu hana, na chini ya mwili wake kisu cha kukunja, kimejikunja nusu, kina mnazi wa mistari minne mgongoni.

Watu waliokuja kwangu walijaa njia nzima. Nilijua sura zao, ndilo linaloniuma. Mbele alikuwa Maxwell, mtu wa bara anayefanya kazi bandarini, jirani yake Kaviha ukuta kwa ukuta. Pembeni yake Josephine, mke wa marehemu, kanga imemvuka kichwani, miguu mitupu. Walimkuta Gershom uani na tupa mkononi. Maxwell akamtupia kisu miguuni.

"Hii ni yako?"

Gershom akainama, akakitazama bila kukigusa. Mpini mweusi wa mpingo. Bakora ya mume wangu. Akainua macho akanitazama mimi mlangoni, mara moja tu, halafu akatazama chini.

"Nimekitengeneza mimi," akasema.

"Ulimpa nani?"

Kimya.

"Baba Kadzo," Josephine akamwita kwa jina la mwanawe, sauti haimtoki vizuri. "Mume wangu ana watoto wawili. Niambie tu ulimpa nani."

Gershom akafungua mdomo, akaufunga. Maxwell akampiga ngumi ya mdomo. Akaanguka juu ya jiko lake la mkaa, wakamwinua, wakampiga tena. Kina mama ninaowauzia mahamri walikuwa wakimpiga kwa viatu. Wengine waliingia chumbani mwake wakatoka na kopo la biskuti, wakalimwaga, visu vikatawanyika uani na kila mtu akaokota. "Tazameni! Huyu ndiye anawapea hawa wasee silaha," Maxwell akasema, na wote wakaamini, kwa sababu nani mwengine mtaani ana visu sitini?

Na mimi? Mimi nilikuwa nimeshika mlango. Nilikuwa najua kisu ni cha nani. Vidole pia nilivijua, nilikuwa nimevifunga kwa mikono yangu. Nikanyamaza. Nilijiambia polisi watafika. Nilijiambia Gershom atasema mwenyewe, ataje jina langu, mimi nitasema kilipotea, na mambo yataishia hapo hapo. Lakini alikataa kutaja jina langu.

Wakachukua nyundo yake. Wakaulaza mkono wake wa kulia juu ya ile reli, watu wawili wakauketia. Maxwell akauliza, "Ulimpa nani?" Kimya. Nyundo ikashuka kwenye kidole kidogo. Nilisikia mfupa kabla sijamsikia yeye. "Ulimpa nani?" Kimya. Kidole cha pili. Josephine alikuwa ameziba masikio yake mwenyewe. Mara ya tatu Gershom alitapika, akanitazama tena, na mimi nikageuza uso ukutani. Nyundo ikashuka.

Hapo ndipo Tinga akatoka chumbani. Nilidhani atakimbia. Laiti angekimbia. Alipita kati ya watu akampiga Gershom teke la uso kwa nguvu zake zote, akapaza sauti kuliko wote, "Muuaji achomwe!" Akaenda kwenye pikipiki yake, akavuta bomba la petroli, akajaza chupa ya maji ya lita moja, akarudi. Mkono wa kushoto umeshika chupa. Mkono wa kulia una kipande cha leso yangu.

Akamwagia Gershom kichwani. Harufu ikajaa uani. Mtu akaniuliza mimi, mwenye nyumba, kibiriti kiko wapi. Kilikuwa kwenye mfuko wa dera langu, pale pale nilipokitia baada ya kuwasha jiko.

Nikasema, "Kisu ni changu."

Hawakunisikia. Nikaingia katikati yao, nikamkamata mwanangu mkono wa kulia, nikaing'oa ile leso kwa nguvu mpaka akapiga ukelele. Nikauinua mkono wake juu.

"Kisu ni changu. Mti wake ni bakora ya mume wangu. Nyinyi mlio na visu vya Gershom, mnajua havina kufuli. Mnajua mtu akichoma nacho kinamkata wapi." Nikainua na mkono wangu, na makovu yangu. "Tazameni vidole vya huyu. Halafu tazameni vya yule, kama mmemwachia."

Mweri wa madafu alitoa kisu chake mfukoni, akakifungua, akakisukuma kwa ncha kwenye mti wa mlango, taratibu, na sote tukaona kinavyokunjika. Kilimgusa kidole kwa ndani, katikati. Akakitia mfukoni.

"Mama," Tinga akaniambia. Sauti ya mtoto mdogo. Sitaisahau.

Wakamgeukia. Jamani, mimi nilidhani wakishajua ukweli watamkamata tu, wampeleke kituoni. Ndiyo upumbavu wangu. Walimpiga kwa mawe ya kisima, kwa nyundo ile ile, na kwa visu vilivyomwagwa, wakisahau havina kufuli, wakajikata wenyewe. Jicho lake la kushoto lilipasuka mbele yangu. Nikajitupa juu yake. Waliopiga walinipiga mimi, mfupa wa mtulinga ukavunjika, mbavu mbili zikaenda. Ile petroli iliyobaki wakatumwagia wote wawili. Maxwell akaniambia niondoke.

"Siondoki," nikamwambia. "Nimeshamtoa. Mnataka nini tena kwangu?"

Kibiriti kilikuwa bado mfukoni mwangu, chini ya tumbo, kati yangu na mwanangu. Mwengine akaleta cha kwake. Josephine akamnyang'anya. Hakusema neno la huruma, msije mkamsingizia. Alisema, "Nataka aishi, anitazame mahakamani." Akakaa chini na kile kibiriti mkononi mpaka gari la polisi likaja.

Hospitali nilikaa siku tisa. Gershom alikuwa wodi ya wanaume, wamemkata vidole vitatu. Nilipoweza kutembea nikaenda. Nikamkuta anatazama dari. Akanipa shikamoo. Hata pale.

"Kwa nini hukusema ni changu?" nikamwuliza. "Ungesema jina langu tu."

"Wangeingia kwako kwa nyundo."

"Basi ungesema vidole. Ungewaambia watafute aliyekatwa vidole. Wewe ndiye fundi, wewe ndiye unajua."

"Nilijua," akasema. "Nilimwona asubuhi ulipomfunga. Mnyororo haukati mstari mmoja." Akanigeuzia uso. "Lakini mtoto ni wako, bi. Si wangu wa kumtoa. Nilikuwa nakungoja wewe."

"Nilisema."

"Ulisema," akakubali. Akainua ule mkono wenye bandeji akautazama. "Baada ya cha tatu."

 

Tinga alifungwa maisha. Naenda kumwona kila mwezi, ananitazama kwa jicho moja. Vidole vyake vimepona vimepinda. Mara nyingine ananiamkia, mara nyingine anakaa tu mpaka muda unaisha. Dada zangu wawili hawanisemeshi, wanasema mama gani huyu. Niwajibu nini? Hao hawakuisikia ile nyundo.

Gershom nilidhani atahama. Alirudi na mkoba wake mmoja. Kopo nilikuwa nimelihifadhi, tupu. Baada ya wiki kadhaa nikaanza kukuta visu kwenye kizingiti alfajiri, kimoja, viwili, vimewekwa chini. Anayeleta sikumwona hata siku moja. Mpaka sasa vimerudi arubaini na mmoja. Cha babu yake hakijarudi. Maxwell alihamia Mikindani, na kabla hajahama alipita hapa akasimama nje karibu saa nzima. Gershom hakutoka, na mimi sikumkaribisha.

Karakana ilimwacha, hawezi kushika mashine. Lakini tupa anashika, kwa kushoto. Mwaka mzima nilikuwa nasikia, kruu, kruu, akipumzika, akianza tena. Akihitaji kushikiliwa kitu ananiita, namshikilia huku namsonya, bapa likiteleza ananisonya yeye. Sikumwuliza anatengeneza nini.

Mwezi uliopita akaja barazani, nimekaa na ungo wa mchicha. Akaweka kisu chini, katikati yetu. Mpini wake mpingo, kile kipande cha mwisho cha bakora ambacho sikujua kama alikiweka. Mnazi mgongoni umepinda, mistari mitatu tu.

"Springi yake dhaifu," akasema. "Mkono huu haukuweza kuikaza zaidi. Hiki hata ukikifungua vibaya kitakukata."

"Na kufuli?"

Akanitazama.

"Haya," nikasema.

Nilikiacha pale chini muda mrefu. Yeye hakuondoka. Jua likafika barazani, mchicha ukaanza kunyauka. Nikanyoosha mkono, ule wenye makovu, nikakiokota.